Sura ya 12: Tovuti Katika Kompyuta ya Nyumbani

Katika darasa la nne ulijifunza kupima mvua kwa kipimamvua. Kila siku asubuhi mlisoma milimita za maji yaliyokusanyika, kisha mkaandika tarehe na kipimo katika daftari. Katika sura hii tutajifunza jinsi maandishi ya daftari hilo yanavyoweza kusomwa na watu walio mbali sana, na jinsi kompyuta moja iliyo nyumbani inavyoweza kuifanya kazi hiyo.

Tuseme shule yako ipo Kaniha. Kaniha ni kata moja ya Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera. Wilaya hiyo imepakana na Wilaya ya Ngara. Katika nchi hiyo miezi ya Juni hadi Agosti ni mikavu. Mvua zinapoanza kunyesha tena, mkulima wa maharage au mahindi hujiuliza: Je, ardhi imelowa vya kutosha nipande? Au nikipanda leo mbegu zitakauka? Kumbukumbu za mvua za miaka iliyopita humsaidia kuamua. Akikosea, hupoteza mbegu na msimu.

Sasa fikiri. Daftari la mvua limo kabatini shuleni. Mkulima yuko kijiji cha pili. Bwana shamba yuko Biharamulo mjini. Tena mchwa wakiingia kabatini, kazi yenu ya miaka mingi itakwisha kwa usiku mmoja. Yafaa tutafute njia ya kuwafikishia watu habari hizo na kuzitunza zisipotee.

1. Tovuti hukaa wapi?

Bila shaka umewahi kumwona mtu akisoma habari katika simu. Habari hizo hazikuwamo ndani ya simu yake. Zilitoka mahali pengine. Mahali hapo ni wapi?

Watu wengine hudhani kwamba habari za intaneti hukaa hewani au mawinguni. Hivyo sivyo. Kila ukurasa unaousoma umehifadhiwa katika kompyuta fulani, iliyowekwa mahali fulani, na inayotumia umeme. Kurasa zilizowekwa pamoja chini ya jina moja huitwa tovuti. Kompyuta inayozitunza kurasa hizo na kuwapa watu wanaoziomba huitwa seva. Maana ya neno hilo ni mtumishi. Seva hukaa ikingoja. Ikiombwa ukurasa, huutoa. Kisha hungoja tena.

Je, seva lazima iwe kompyuta kubwa? Hapana. Tovuti ya kwanza duniani ilikaa katika kompyuta moja ya mezani. Mwingereza aitwaye Tim Berners-Lee aliitengeneza alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na mji wa Geneva, Uswisi. Mwaka 1991 aliwatangazia watu wa nje habari za kazi hiyo. Juu ya kompyuta yake alibandika karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu. Karatasi hiyo iliwaonya watu kwamba mashine ile ni seva, kwa hiyo wasiizime. Kwa nini aliogopa isizimwe? Kwa sababu kama mtu angeizima, tovuti hiyo isingepatikana popote duniani. Kompyuta hiyo imehifadhiwa hadi leo.

Kwa hiyo tunaona kwamba kompyuta yoyote yaweza kuwa seva, hata ile iliyo nyumbani kwenu. Lakini hapana budi ipate mambo manne: anwani, njia, umeme na ulinzi. Likikosekana moja, kazi itaharibika. Tutayachunguza moja baada ya jingine.

2. Safari ya swali na jibu

*Jaribio la 1: Mchezo wa seva*

Vifaa: vipande vya karatasi, kalamu, daftari la mvua.

Hatua:
(a) Chagueni wanafunzi wanne. Wa kwanza awe msomaji, wa pili na wa tatu wawe wajumbe, wa nne awe seva. Seva akae pembeni mwa darasa akiwa na daftari la mvua.
(b) Msomaji aandike kwenye karatasi: "Naomba mvua ya tarehe 14 Machi." Juu yake aandike jina la seva. Chini yake aandike jina lake mwenyewe.
(c) Mjumbe wa kwanza ampe mjumbe wa pili karatasi hiyo, naye aipeleke kwa seva.
(d) Seva asome swali, atafute jibu katika daftari, aliandike kwenye karatasi nyingine, na alirudishe kwa njia ile ile.
(e) Rudieni mchezo, lakini safari hii msomaji asiandike jina lake. Imekuwaje?
(f) Rudieni tena, lakini seva awe amelala. Imekuwaje?
(g) Mwisho, wanafunzi kumi waulize kwa wakati mmoja. Imekuwaje?

Matokeo: Katika hatua ya (e) seva hakujua pa kulipeleka jibu. Katika hatua ya (f) swali lilifika lakini jibu halikuja. Katika hatua ya (g) wasomaji walingoja kwa zamu. Kompyuta nazo hufanya hivyo hivyo. Simu ya msomaji hutuma swali, vyombo vya njiani hulipitisha, na seva hurudisha jibu. Tofauti ni kwamba safari yote huweza kumalizika kabla hujapepesa jicho.

3. Jambo la kwanza: anwani

Ili swali lifike, lazima seva iwe na anwani. Anwani za intaneti ni namba. Anwani za aina ya zamani zina namba nne zilizotenganishwa kwa nukta. Kila namba huwa kati ya 0 na 255. Mfano ni 192.168.1.10. Ukizihesabu zote, aina hiyo ina anwani zaidi kidogo ya bilioni 4. Watu duniani ni zaidi ya bilioni 8, na wengi wana chombo zaidi ya kimoja. Ni dhahiri kwamba anwani hizo hazitoshi. Kwa hiyo imetengenezwa aina mpya ya anwani, ambazo ni nyingi mno, lakini bado haijafika kila mahali.

Ni vigumu kukumbuka namba. Ndiyo sababu tovuti hupewa jina, na jina hilo huunganishwa na namba. Majina ya Tanzania huishia kwa .tz. Mwisho huo ulikabidhiwa kwa nchi yetu mwaka 1995. Majina ya shule huweza kuishia kwa sc.tz. Jina hukodishwa kwa mwaka. Usipolilipia, huondolewa.

Sasa tuangalie jambo ambalo huwasumbua watu wengi wanaotaka kuweka tovuti nyumbani. Ili ulielewe, fikiri juu ya sanduku la posta.

Shule moja huwa na S.L.P. moja, ingawa ina walimu na wanafunzi wengi. Barua zote hufika katika sanduku hilo. Mwalimu mkuu huzichukua, husoma jina la kila mwenyewe, na kuzigawa. Nyumbani pia ndivyo ilivyo. Nyumba hupewa anwani moja ya umma. Chombo kiitwacho ruta hufanya kazi ya mwalimu mkuu. Hupokea kila kitu kinachotoka nje na kukigawa kwa simu na kompyuta zilizomo ndani. Ndani ya nyumba kila chombo hupewa anwani ya ndani tu. Anwani ya 192.168.1.10 tuliyoiona ni anwani ya namna hiyo. Haifai nje ya nyumba, kama vile jina "Mwanafunzi wa dawati la tatu" lisivyofaa kuandikwa juu ya barua itokayo Mwanza.

Barua ikija shuleni bila jina la mtu, mwalimu mkuu hajui ampe nani. Lakini yaweza kuwekwa amri mapema: "Barua zote zinazouliza habari za mvua zipelekwe darasa la tano." Ruta nayo hupewa amri ya namna hiyo. Maswali ya kutaka kurasa za tovuti huja na namba ya mlango. Namba 80 ni ya tovuti za kawaida. Namba 443 ni ya tovuti ambazo mawasiliano yake hufungwa kwa siri. Mwenye nyumba huiagiza ruta: "Kila kinachokuja kwa mlango namba 443 kipeleke kwenye kompyuta ya mvua."

Hata hivyo, watu wengi wa vijijini hupata intaneti kwa njia ya mnara wa simu. Hapo pana kikwazo kikubwa zaidi. Kwa kuwa anwani za aina ya zamani hazitoshi, mara nyingi kampuni ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya umma. Ni kama tarafa nzima kutumia S.L.P. moja. Wewe ukituma barua, karani hukumbuka kwamba ni wewe uliyetuma, na jibu likija hukuletea. Kwa hiyo unaweza kusoma tovuti za wengine bila shida. Lakini mgeni akianza yeye kukuandikia, karani hana kumbukumbu yoyote. Barua huishia hapo.

Basi kabla ya kununua kompyuta, mwenye nyumba sharti aiulize kampuni yake ya intaneti maswali mawili. La kwanza: Je, nitapata anwani ya umma iliyo yangu peke yangu? La pili: Je, anwani hiyo itabadilika? Ikibadilika kila siku, jina la tovuti litawapeleka wasomaji kwenye nyumba ya mtu mwingine. Ikiwa anwani ya umma haipatikani, njia nyingine ni kutumia kompyuta ya mjini yenye anwani. Kompyuta ya nyumbani huanza yenyewe kuzungumza nayo, na wageni wote hupitia huko.

4. Jambo la pili: njia

Mtu anayesoma tovuti hupakua habari. Seva hufanya kinyume chake: hupakia habari kuzipeleka kwa wengine. Katika nyumba nyingi njia ya kupakua ni pana, na njia ya kupakia ni nyembamba. Mwenye seva huangalia ile nyembamba.

Upana wa njia hupimwa kwa biti katika sekunde. Ukubwa wa maandishi hupimwa kwa baiti. Baiti moja ni biti 8. Kwa kawaida herufi moja huchukua baiti moja.

Tukokotoe. Tuseme mstari mmoja wa kumbukumbu ya mvua una herufi 30. Mwaka una siku 365.

30 × 365 = baiti 10,950.

Kwa hiyo mvua ya mwaka mzima ni kama kilobaiti 11 tu. Sasa chukua picha moja iliyopigwa kwa simu, yenye megabaiti 3, yaani baiti 3,000,000.

3,000,000 ÷ 10,950 = 273 na ushei.

Picha moja ina ukubwa sawa na kumbukumbu za mvua za miaka zaidi ya 270!

Tuseme njia ya kupakia hupitisha megabiti 1 kwa sekunde. Kumbukumbu za mwaka, ambazo ni kama kilobiti 88, zitapita kwa muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Picha ile, ambayo ni megabiti 24, itachukua sekunde 24. Watu kumi wakiitaka picha hiyo kwa pamoja, watangoja sekunde 240, yaani dakika 4. Wengi wataondoka kabla haijafika. Kwa hiyo tunajifunza kwamba tovuti ya nyumbani yafaa iwe na maandishi mengi na picha chache zilizopunguzwa ukubwa.

Njia hutoka wapi na kwenda wapi? Zamani mawasiliano mengi ya nchi yetu na nchi za nje yalipitia setilaiti zilizo angani, umbali wa kilometa kama 36,000 kutoka ardhini. Habari zilipanda na kushuka, jumla kilometa 72,000, na hiyo ilikuwa ni safari ya swali tu. Mwaka 2009 mkongo wa baharini uitwao SEACOM ulifika Dar es Salaam. Mwaka 2010 ulifuata mkongo wa EASSy. Ndani ya mikongo hiyo mna nyuzi nyembamba za kioo, na habari hupita kwa mwanga. Katika kioo mwanga husafiri kilometa kama 200,000 kwa sekunde moja. Mwaka 2009 pia Serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaounganisha mikoa yetu.

Lakini nyuzi huweza kukatika. Mwezi Mei mwaka 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilikatika baharini, upande wa kusini. Mawasiliano ya Tanzania na nchi nyingine za Afrika Mashariki yalipata shida kubwa. Hapo tunaona faida ya kutunza habari karibu na wanaozihitaji. Mkulima wa Kaniha anayetaka kujua mvua ya Kaniha hana haja ya kulipeleka swali lake ng'ambo ya bahari, ikiwa jibu lipo nchini.

*Jaribio la 2: Seva bila intaneti*

Jaribio hili mtalifanya pamoja na mwalimu, ikiwa shule ina kompyuta na ruta. Haihitajiki kununua bando.

Hatua:
(a) Mwalimu aunganishe kompyuta na simu moja kwenye ruta ile ile.
(b) Aandike ukurasa mfupi wa mvua ya wiki hii na kuuhifadhi katika kompyuta.
(c) Aanzishe programu ya seva, kisha aangalie anwani ya ndani ya kompyuta.
(d) Mwanafunzi mmoja aandike anwani hiyo katika kivinjari cha simu.
(e) Mwanafunzi mwingine aende na simu hiyo hadi uwanjani, hatua kwa hatua, huku akifungua ukurasa upya.

Matokeo: Ukurasa umeonekana katika simu, ingawa hamkutumia intaneti ya nje. Mlipofika mbali na ruta, ukurasa haukufunguka tena. Kwa hiyo seva yaweza kuihudumia shule nzima hata mnara wa simu ukiharibika.

5. Jambo la tatu: umeme

Seva hailali. Mkulima huweza kuuliza saa nne usiku, na mtu wa nchi nyingine huweza kuuliza wakati sisi tumelala. Kwa hiyo seva hutumia umeme saa 24 kila siku.

Kompyuta kubwa ya mezani yaweza kutumia wati 100. Tukokotoe matumizi yake ya siku 30:

100 × 24 × 30 = wati-saa 72,000, yaani yuniti 72.

Hiyo ni gharama kubwa kwa nyumba ya kawaida. Lakini kuna kompyuta ndogo sana, zinazoenea kiganjani, ambazo hutumia wati 3 hivi. Zinatosha kabisa kwa tovuti ya maandishi. Watu wengi husahau kwamba ruta nayo hutumia umeme. Tuseme ruta hutumia wati 6. Jumla ni wati 9:

9 × 24 × 30 = wati-saa 6,480, yaani yuniti 6 na nusu hivi.

Kwenye Maporomoko ya Rusumo, wilayani Ngara, kuna kituo cha umeme wa maji ya Mto Kagera. Ujenzi wake ulianza mwaka 2017. Kina uwezo wa megawati 80, ambazo hugawanywa sawasawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Nyaya kubwa hutoka hapo hadi Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Hata hivyo umeme wa gridi huweza kukatika kwa dhoruba, kwa nguzo kuanguka, au kwa matengenezo. Ukikatika saa 2 tu kila siku, kwa siku 30 ni saa 60. Tovuti yenu itakuwa imefungwa siku mbili na nusu katika mwezi mmoja.

Dawa yake ni betri. Tuseme unatumia umeme wa jua. Mchana paneli huendesha vyombo na kujaza betri. Usiku wa saa 12, betri peke yake ndiyo hufanya kazi:

9 × 12 = wati-saa 108.

Betri ya volti 12 na ampea-saa 18 hubeba wati-saa 216. Betri ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake, maana huharibika upesi. Nusu ya 216 ni 108. Kwa hiyo betri hiyo inatosha usiku mmoja tu, bila akiba. Kukiwa na mawingu siku mbili mfululizo, seva itazimika.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa. Mwaka 2018 mwandishi Kris De Decker aliweka tovuti ya jarida lake katika kompyuta ndogo nyumbani kwake Barcelona, Hispania. Kompyuta hiyo ilitumia wati 1 hadi 2 na nusu, na umeme wake ulitoka kwenye paneli ya wati 50. Ili kupunguza kazi, picha za tovuti zilifanywa ndogo sana. Wasomaji walielezwa wazi kwamba mawingu yakizidi tovuti huweza kuzimika. Walioijua hali hiyo hawakudanganyika. Hilo ni funzo kwetu: Ikiwa huwezi kuihudumia jamii kila saa, iambie ukweli mapema.

6. Jambo la nne: ulinzi

Ukifungua mlango wa duka, wateja huingia, na mwizi naye huweza kuingia. Seva ni vivyo hivyo. Duniani kuna programu ambazo kazi yake ni kupita kila anwani, zikijaribu milango na kubahatisha nywila. Haziijui Kaniha, wala hazikuchukii. Hujaribu kila nyumba. Mdukuzi akiingia, aweza kubadili vipimo vya mvua, kusoma barua za familia, au kuitumia kompyuta yenu kuwashambulia watu wengine.

Zishike kanuni hizi:

(a) Fungua mlango mmoja tu unaohitajika. Mingine yote ibaki imefungwa.
(b) Tumia nywila ndefu ambayo hukuitumia mahali pengine. Badilisha nywila iliyokuja na ruta kutoka dukani.
(c) Kompyuta ya tovuti isiwe ile ile inayotunza picha na barua za nyumbani.
(d) Weka masahihisho ya programu kila yanapotolewa.
(e) Tunza nakala ya pili ya kumbukumbu zote, na uiweke katika nyumba nyingine. Nakala iliyo juu ya meza moja na ya kwanza haiokoki moto ukitokea.
(f) Usiweke katika tovuti majina ya wanafunzi, namba zao za simu, wala mahali wanapoishi.

Pia kuna sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilitungwa mwaka 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilitolewa mwaka 2018, zikatolewa upya mwaka 2020. Kwa hiyo kabla ya kufungua tovuti kwa umma, mwalimu au mzazi aulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kama leseni inahitajika. Mwanafunzi asifanye kazi hii peke yake.

7. Je, yafaa kuweka tovuti nyumbani?

Jibu hutegemea mambo mawili: ni habari gani, na nani anazitegemea.

Tovuti ya kumbukumbu za mvua ni ndogo, na haina siri ya mtu. Ikizimika kwa saa moja, mkulima aweza kungoja. Hiyo yafaa kuwekwa nyumbani au shuleni, ikiwa nakala yake imewekwa pia mahali pengine. Lakini kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali hazifai kukaa katika kompyuta ya nyumbani. Zina siri za watu, na daktari hawezi kungoja mawingu yaondoke. Kazi kama hiyo hupewa majengo maalumu yenye walinzi, jenereta na njia za mawasiliano zaidi ya moja.

Faida ya kuweka tovuti nyumbani ni kwamba kazi yenu iko mikononi mwenu. Hasara yake ni hiyo hiyo: ikiharibika, hakuna mwingine wa kuitengeneza. Kumbuka ile karatasi ya wino mwekundu. Aliyeiandika alijua kwamba mtu asiyemwona wala kumjua anaitegemea mashine iliyo mezani pake. Mtu anayefungua tovuti kwa umma hutoa ahadi ya namna hiyo hiyo. Mkulima aliyeamini vipimo vyenu akapanda mbegu zake, anawategemea ninyi mpime sawasawa, mwandike kweli, na mtunze vizuri.

Mambo uliyojifunza

1. Tovuti hukaa katika kompyuta iitwayo seva. Kompyuta yoyote, hata ndogo, yaweza kuwa seva.
2. Seva huhitaji anwani, njia, umeme na ulinzi.
3. Ruta huigawia kila kompyuta ya nyumbani kilicho chake.
4. Maandishi ni mepesi. Picha ni nzito.
5. Nakala ya pili hutunzwa mahali pengine.

Maswali

1. Kwa nini Tim Berners-Lee alibandika karatasi ya onyo juu ya kompyuta yake?
2. Eleza jinsi ruta inavyofanana na mwalimu mkuu anayegawa barua.
3. Mtu anaweza kusoma tovuti za wengine kwa intaneti ya simu, lakini wageni hawawezi kuifikia kompyuta yake. Eleza sababu.
4. Njia ya kupakia hupitisha megabiti 2 kwa sekunde. Picha ina megabaiti 5. Itachukua sekunde ngapi kumfikia msomaji mmoja?
5. Kompyuta hutumia wati 5 na ruta wati 7. Zitatumia yuniti ngapi kwa siku 30? Uliza nyumbani bei ya yuniti moja, kisha kokotoa gharama.
6. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 itaweza kuendesha vyombo vya swali la 5 usiku wote wa saa 12? Onyesha njia.
7. Taja habari tatu zinazofaa kuwekwa katika tovuti ya kijiji chenu, na tatu zisizofaa. Toa sababu.

Kazi ya kikundi

Pimeni mvua kwa mwezi mmoja. Andikeni nakala mbili za vipimo kwa mikono miwili tofauti, kisha mzilinganishe. Mkiona tofauti, tafuteni kosa lilitokea siku gani. Nakala moja ibaki shuleni. Nyingine itunzwe katika ofisi ya kijiji.